Kitambaa Chekundu cha Kampala: Ishara au Maigizo?

Mnamo Septemba 2017, wabunge wa upinzani jijini Kampala walijifunga vitambaa vyekundu kichwani kupinga kuondolewa kwa ukomo wa umri wa rais. Ishara hiyo haikuuzuia mswada: ulipitishwa Desemba 20 kwa kura 317 dhidi ya 97. Kwa kipimo cha matokeo, basi, yalikuwa maigizo. Hata hivyo, rangi hiyo ilitoka bungeni ikaingia mitaani kupitia bereti ya Robert Kyagulanyi, na Septemba 2019 serikali ikaitangaza bereti nyekundu kuwa vazi la jeshi, lisiloruhusiwa kwa raia. Kwa hatua hiyo, dola yenyewe ilikiri kuwa ishara ina uzito. Uzito huo waliubeba zaidi vijana wa mitaani, wasio na kinga ya bunge.