Santuri za Matajiri, Kanda za Baba

Santuri za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz siku hizi zinawindwa na wakusanyaji wa Ulaya, kwa bei ambazo sisi wa Pwani tunazisikia tu. Lakini hata zamani santuri hazikuwa rahisi kwetu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzifyatua. Zilitoka Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 kuzipata kukawa kazi.

Kilichotuokoa ni Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi zetu kwenye tepu zake na kuzirusha hewani. Baba, kule Kisarawe, aliweka kinasa sauti mbele ya redio, kidole kwenye kitufe, akingoja mtangazaji anyamaze. Kanda zake ninazo hapa Kibaha. Kwenye moja jogoo anawika katikati ya gitaa.

Anayetaka sauti safi kwa hela ya kawaida atafute Zanzibara 3 ya Buda Musique, yenye dansi ya miaka ya 1960. Mimi ninayo. Ila wiki hii nazihamishia zile kanda kwenye flashi, maana mbili zimeshakatika.