Kisiwa Kilicho Jirani

Binti yangu anayefanya kazi Italia alinipigia simu akasema, "Shikamoo baba. Mwaka huu wewe na mama mje, niwapeleke likizo Malta." Nilimshukuru, kisha nikafanya kile nilichozoeshwa na ualimu: nikafungua atlasi. Malta ilipata uhuru mwaka 1964, mwaka uleule wa Muungano wetu, na visiwa vyake vyote kwa pamoja ni kilometa za mraba 316. Nikacheka peke yangu. Kisiwa cha Ukerewe, ambacho mtu akitoka alfajiri hapa Mwitongo atakifikia siku hiyohiyo, ni kikubwa kuliko nchi hiyo nzima. Na mimi mzee wa miaka sabini na ushei, niliyefundisha jiografia tangu nilipotoka chuo cha ualimu, sijapata kukikanyaga.

Basi nikachukua karatasi nikapanga safari. Siku ya kwanza, basi mpaka Bunda, kisha njia ya Kibara hadi Kisorya, tuvuke kwa kivuko hadi Rugezi na kulala Nansio. Siku ya pili, Bukindo, kwenye ikulu ya zamani ya watemi. Mtemi Lukonge ndiye aliyempokea Stanley mwaka 1875, na ni katika enzi yake wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani Desemba 1877. Siku ya tatu, Kagunguli, alikoishi hayati Aniceti Kitereza. Huyo alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Alingoja miaka thelathini na mitano.

Siku ya nne nikaiacha tupu.

Siku hiyo ilikuwa ya Ukara. Nimewafundisha watoto wengi habari za Wakara, jinsi wanavyofunga ng'ombe bandani na kubeba samadi shambani, desturi waliyokuwa nayo kabla bwana shamba hajazaliwa. Mmoja wa wanafunzi hao alikuja kuwa mwalimu, akapangiwa kazi hukohuko. Kila alipopita Butiama alinisalimu na kusema, "Mwalimu, lini utakuja uone uliyotufundisha?" Nami nikajibu kila mara, "Likizo ijayo."

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, alipanda kivuko Bugolora kurudi Ukara. Kivuko kilipinduka karibu na gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakiona. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Kiliitwa MV Nyerere, jina la mtu tuliyemzika hapa Mwitongo Oktoba 1999. Jioni ile, redio ilipolitaja jina hilo, wazee wa kijijini tuliinama kama waliofiwa mara ya pili. Na miaka 22 kabla yake, Mei 1996, MV Bukoba ilikuwa imekwisha kutufundisha somo hilohilo la kujaza chombo kupita kiasi.

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kwamba Mtume Paulo alivunjikiwa na jahazi kwenye kisiwa hichohicho cha Malta, ambacho Biblia yetu inakiita Melita. Walikuwa watu 276, wakafika pwani wote. Wetu hawakufika, na pwani ilikuwa pale.

Mke wangu aliisoma karatasi akauliza, "Baba Nyabise, siku ya nne mbona hujaandika?"

"Naogopa maji," nikasema.

"Huogopi maji. Unaona haya."

Alisema kweli. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hawakusema kwamba mara nyingine huumia tumbo la yule aliyengojwa. Nimemwandikia binti yangu kwamba Malta itatusubiri; ina watu wake wa kuitembelea. Sisi tunaanza na Bwisya, kwenye kaburi la mwalimu. Kivuko kikiwa kimejaa tutashuka, tungoje kinachofuata. Kungoja kwa namna hiyo hakuna haya.