Kutoka Gesi ya Kuvuta hadi Damu Iliyotiwa Alama: Historia ya Kutegemeka kwa Vipimo vya Mtiririko wa Damu Ubongoni, 1945–2015

1.0 Utangulizi

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia mbili ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu asilimia kumi na tano ya damu inayosukumwa na moyo wakati mwili umepumzika. Damu hiyo ikikatika kwa dakika chache, chembehai za ubongo huanza kufa. Kwa sababu hiyo, wanafiziolojia na matabibu wametafuta kwa muda mrefu namna ya kujua ni kiasi gani cha damu kinachofika katika kila sehemu ya ubongo. Insha hii inafuatilia historia ya utafutaji huo, hasa tangu ulipoingia katika upigaji picha kwa nguvu ya sumaku, yaani MRI. Hoja kuu ni kwamba kipimo hiki kilianza kutegemeka pale watafiti walipotambua makisio yaliyofichwa ndani ya hesabu zao na kukubaliana namna ya kuyashughulikia, na kwamba ubora wa mashine pekee usingetosha kuleta mabadiliko hayo.

2.0 Kipimo cha Kwanza cha Binadamu

Mwaka 1890, Charles Roy na Charles Sherrington, wakifanya kazi Cambridge, walitoa hoja kwamba ubongo una uwezo wa kurekebisha ugavi wake wa damu kulingana na kazi unayofanya. Hoja hiyo ilikosa kipimo cha kuithibitisha kwa binadamu kwa zaidi ya nusu karne. Ndipo Seymour Kety na Carl Schmidt wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipochapisha, mwaka 1945, njia ya kutumia gesi ya nitrasi oksaidi. Mpimwaji alivuta hewa yenye kiasi kidogo cha gesi hiyo kwa takriban dakika kumi, huku damu ikichotwa mara kwa mara kutoka katika ateri na katika vena ya shingo inayorudisha damu kutoka ubongoni. Tofauti kati ya damu hizo mbili ilionyesha kasi ambayo ubongo uliinyonya gesi, na kwa hiyo mtiririko wa damu wenyewe.

Matokeo waliyotoa mwaka 1948 kwa vijana wenye afya yalikuwa wastani wa takriban mililita 54 kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika. Takwimu hiyo imebaki kuwa kigezo ambacho njia zote za baadaye hulinganishwa nacho. Hata hivyo, njia yenyewe ilikuwa na kasoro mbili. Ilihitaji sindano katika mishipa mikubwa, na ilitoa wastani wa ubongo mzima tu. Mgonjwa aliyekosa damu katika sehemu moja angeweza kupata wastani unaokaribia ule wa mtu mzima wa afya.

Katika miaka ya 1960, Niels Lassen wa Copenhagen na David Ingvar wa Lund walitumia gesi zenye mnururisho kupima sehemu mbalimbali za ubongo. Baadaye upigaji picha kwa positroni ulitumia maji yenye oksijeni-15, ukawa mizani ya kupimia njia nyingine. Lakini nusu ya oksijeni hiyo hupotea kila baada ya dakika mbili, hivyo ni lazima itengenezwe karibu na mgonjwa kwa mtambo wa gharama kubwa. Ni hospitali chache duniani zilizoweza kumudu gharama hiyo.

3.0 Damu Kuwa Alama Yake Yenyewe

Mwaka 1992, John Detre, John Leigh, Donald Williams na Alan Koretsky walieleza njia mpya baada ya majaribio katika ubongo wa panya. Badala ya kumpa mpimwaji gesi au dawa, waligeuza kwa mawimbi ya redio mwelekeo wa usumaku wa protoni za maji yaliyomo katika damu inayopita shingoni. Damu hiyo ilipofika ubongoni ilibadilisha kidogo mwangaza wa picha. Picha moja ilipigwa damu ikiwa na alama na nyingine ikiwa haina, kisha ya kwanza ikatolewa katika ya pili. Kilichobaki kilitokana na damu iliyoingia. Mwaka 1994 matokeo ya njia hiyo kwa binadamu yalichapishwa.

Faida yake ilikuwa dhahiri: hapakuwa na sindano wala mnururisho, na kipimo kingeweza kurudiwa hata kwa mtoto. Ugumu wake ulikuwa katika udogo wa ishara. Tofauti kati ya picha hizo mbili ni karibu asilimia moja tu ya mwangaza wote, kiasi kinachoweza kufunikwa na mtikisiko mdogo wa kichwa. Kwa hiyo jozi nyingi za picha zilipaswa kupigwa kwa dakika kadhaa na kutafutiwa wastani.

4.0 Tatizo la Muda wa Safari

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa muda. Alama iliyotiwa katika damu hufifia yenyewe, na katika mashine ya tesla 3 muda wake wa kufifia ni takriban milisekunde 1650. Wakati huohuo, damu huhitaji kati ya nusu sekunde na sekunde mbili au zaidi kusafiri kutoka shingoni hadi kwenye tishu. Picha ikipigwa mapema, damu nyingi bado imo ndani ya ateri: mishipa huonekana ikimetameta na tishu huonekana imekauka. Picha ikicheleweshwa, alama huwa imekwisha kufifia.

Hapa ndipo kosa la kipimo lingeweza kuwa kosa la tiba. Mzee ambaye ateri yake ya shingo imezibika kwa sehemu hupata damu kwa njia ndefu za mzunguko. Damu inafika, ila inachelewa. Kipimo kisichozingatia ucheleweshaji huo kingetangaza kwamba tishu hai imekosa damu.

Mwaka 1996 David Alsop na Detre walipendekeza kusubiri kwa makusudi baada ya kutia alama, ili damu yote iliyotiwa alama iwahi kufika kabla ya picha. Mwaka 1998 Eric Wong na wenzake walitoa suluhisho kwa aina ya pili ya njia hii, ile inayotia alama kwa pigo moja: waliikata damu ya mwisho ya fungu ili urefu wa fungu hilo ujulikane. Mwaka huohuo Richard Buxton na wenzake waliweka kanuni ya jumla ya kihesabu iliyounganisha aina hizo zote. Mwaka 2008 Weiying Dai na wenzake walieleza namna ya kutia alama mfululizo kwa mapigo mengi mafupi, jambo lililowezesha mashine za kawaida za hospitali kufanya kazi ambayo awali ilihitaji vifaa vya pekee.

5.0 Kutoka Uvumbuzi hadi Makubaliano

Wingi wa uvumbuzi huo ulizaa tatizo jipya. Kila kituo kilikuwa na muda wake wa kusubiri, kanuni yake na makisio yake, hivyo namba za kituo kimoja hazikuweza kulinganishwa na za kingine. Mwaka 2010 Esben Petersen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika vituo 28 kwa utaratibu mmoja, huku wapimwaji wakipimwa zaidi ya mara moja. Jaribio hilo liliwezesha kutenganisha mabadiliko yanayotokana na kipimo na yale ya mwili wenyewe. Utenganishaji huo ni muhimu kwa kuwa mtiririko wa damu ubongoni haukai mahali pamoja: Kety na Schmidt walikwishaonyesha mwaka 1948 kwamba hewa ya ukaa ikizidi katika damu mtiririko huongezeka, na inajulikana pia kwamba kafeini ya kahawa au chai huupunguza.

Hatimaye, waraka wa pamoja ulioongozwa na Alsop, uliotoka katika toleo la mwaka 2015 la jarida la *Magnetic Resonance in Medicine*, ulipendekeza utaratibu mmoja kwa matumizi ya hospitali: kutia alama kwa mapigo mengi mafupi kwa milisekunde 1800, kisha kusubiri milisekunde 1800 kwa watu wazima wenye afya walio chini ya miaka 70, na milisekunde 2000 kwa wazee na wagonjwa. Waraka huo ulichagua pia kanuni sahili ya kukokotoa, yenye viwango maalumu vya kufifia kwa alama na ufanisi wa kuitia. Waandishi walijua kwamba kanuni hiyo haielezi kila kinachotokea mwilini. Waliichagua ili vituo vyote viweze kukosea kwa namna moja inayojulikana.

6.0 Mipaka ya Makubaliano

Mtu wa wastani aliyekisiwa katika kanuni hiyo ana damu yenye kiwango cha kawaida cha chembe nyekundu. Kiwango hicho kikipungua, alama hudumu muda mrefu zaidi. Kwa mfano wa kihesabu, ikiwa muda halisi wa kufifia ni milisekunde 1900 lakini kanuni imetumia 1650, jibu litazidi ukweli kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa upande mwingine, damu ya mwenye upungufu huo hukimbia kwa kasi, na kasi hiyo hupunguza ufanisi wa kutia alama, hivyo jibu huvutwa chini. Makosa hayo mawili hayana hakika ya kufutana.

Suala hili linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa unaopunguza chembe nyekundu na kuongeza hatari ya kiharusi utotoni. Watoto hao ndio wangenufaika zaidi na kipimo kisicho na sindano wala mnururisho, na ndio ambao viwango vilivyokubaliwa vinawafaa kidogo zaidi. Kupima kiwango cha chembe nyekundu siku ileile ya picha, na kukiingiza katika hesabu, ni hatua ndogo inayoweza kupunguza sehemu ya kosa hilo.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa inaonyesha kwamba kila njia ya kupima mtiririko wa damu ubongoni ilibeba makisio yake: Kety na Schmidt walikisia kwamba vena ya shingo inawakilisha ubongo mzima, na waandishi wa mwaka 2015 walikisia kwamba damu ya watu wote hufanana. Makubaliano yaliwezesha namba kulinganishwa kati ya vituo, na hilo ni pato kubwa. Hayakuifanya namba iwe ya kweli kwa kila mgonjwa. Kwa hiyo, mtafiti anayeripoti kipimo hiki anapaswa kutaja muda wa kusubiri, kanuni na viwango alivyotumia, pamoja na hali ya damu ya waliopimwa, ili msomaji aweze kupima uzito wa namba anayopewa.