Upuuzaji wa Upande Mmoja Baada ya Kiharusi

Upuuzaji wa upande mmoja ni hali inayotokana na kuumia kwa ubongo, aghalabu kutokana na kiharusi, ambapo mgonjwa hushindwa kuvizingatia vitu vilivyo upande mmoja wa mwili wake na wa mazingira yake, ingawa macho na misuli yake huenda ikawa mizima. Upande unaopuuzwa ni ule ulio mkabala na nusu ya ubongo iliyoumia. Na kwa kuwa hali hii huwa kali na ya kudumu zaidi inapoumia nusu ya kulia, wagonjwa wengi hupuuza upande wa kushoto.

Mara nyingi chanzo ni kuziba kwa ateri ya kati ya ubongo, ambayo hulisha eneo la parietali, lililo juu kuelekea kisogoni, pamoja na maeneo jirani yanayoongoza uzingativu. Inaelezwa kwamba nusu ya kulia hushughulikia pande zote mbili, ilhali ya kushoto hushughulikia zaidi upande wa kulia, hivyo nusu ya kulia ikiumia, upande wa kushoto hukosa mwangalizi.

Mgonjwa huweza kula chakula cha upande wa kulia wa sahani tu, kunyoa shavu moja, au kujigonga kwenye miimo ya milango bila kujua kasoro yake. Mwaka 1978 watafiti Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa mjini Milano wajione kimawazo wakilitazama kanisa kuu kutoka ng'ambo ya uwanja wa Piazza del Duomo, nao wakataja hasa majengo ya kulia. Walipotakiwa kujiweka mlangoni mwa kanisa wakiutazama uwanja, walitaja yale waliyoyaacha awali. Ilidhihirika kuwa kumbukumbu ilikuwepo, na kwamba kasoro haikuwa ya macho.

Hali hii hupimwa kwa kumtaka mgonjwa aonyeshe katikati ya mstari, atie alama kwenye vitu vilivyotawanywa karatasini, au achore uso wa saa. Tiba hujumuisha kumzoeza kupeleka macho upande uliopuuzwa, na pengine mazoezi ya miwani ya prizimu, ambayo husogeza taswira ya vitu. Wengi hupata nafuu katika wiki na miezi ya mwanzo, lakini wengine hubaki na kasoro hiyo, na hivyo hawapaswi kuendesha gari kabla ya kupimwa. Wauguzaji wasimlaumu mgonjwa kwa ukaidi au uzembe, kwani upande anaouacha haumfikii akilini.