Habari za Watu Waliotafuta Nguvu Moja

Siku moja darasani tulichukua sumaku ndogo iliyotolewa katika redio mbovu, tukaishika juu ya sindano iliyolala mezani. Sindano ikaruka, ikashikamana na sumaku. Mtoto mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, dunia nzima inaivuta sindano ile chini, na sumaku hii ni ndogo kama kidole. Mbona imeishinda dunia?" Tulimsifu kwa swali lake, lakini hatukumjibu siku ile, maana swali hilo ni kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe. Wakuu wa elimu wamelihangaikia miaka mingi, na hata leo halijakwisha. Basi tumeona vema kuwaandikia habari zake tangu mwanzo, ili wazazi nao wajue watoto wao wanauliza nini.

Zamani watu wengi wa Ulaya walidhani ya kuwa mambo ya juu mbinguni yana sheria zake, na mambo ya hapa duniani yana sheria nyingine. Katika mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton alitoa kitabu kilichoonyesha kwa hesabu ya kuwa nguvu iangushayo tunda kutoka mtini ndiyo hiyo hiyo iushikayo mwezi usitoke katika njia yake. Nguvu hiyo twaiita uvutano. Mambo mawili yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali yakawa jambo moja. Hapo wenye elimu wakaonja utamu wa kuona vitu vingi vikirudi katika asili moja, wakatamani kuuonja tena.

Umeme na sumaku navyo vilijulikana tangu kale, kila kimoja peke yake. Katika mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwalimu wa chuo kikuu cha Copenhagen katika nchi ya Denmark, aliona ya kuwa sindano ya dira hugeuka ikiwekwa karibu na waya yenye umeme. Habari hiyo ikaenea upesi katika Ulaya, ikafika London kwa mtu ambaye twapenda hasa kuwasimulia habari zake, naye ni Michael Faraday.

Faraday alizaliwa mwaka 1791, mwana wa mhunzi. Nyumba yao ilikuwa ya umaskini, na shule aliyoipata ilikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu ili ajifunze kazi. Wengine walivijalidi vitabu wakavirudisha kwa wenyewe. Yeye alivijalidi na kuvisoma. Mwaka 1812 alipewa tikiti za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mtaalamu mwenye sifa kubwa. Akayaandika mafundisho yake kwa mkono, akayajalidi yakawa kitabu, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akapata kazi kwake, kazi ya kuandaa vyombo vya majaribio. Ndivyo mtoto wa mhunzi alivyoingia katika nyumba ya elimu, kwa mlango wa watumishi.

Katika mwaka 1831 Faraday alionyesha ya kuwa sumaku ikisogezwa karibu na waya iliyoviringwa, umeme hupita katika waya ile. Mitambo ya mabwawa itoayo umeme wa taa zetu yafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo mpaka leo. Tangu hapo umeme na sumaku havikuweza kutengwa tena.

Faraday alikuwa Mkristo wa kanisa dogo, na kwa muda alikuwa mzee wa kanisa hilo. Aliona moyoni mwake ya kuwa nguvu zote za uumbaji zina ujamaa, akajiuliza kama uvutano nao una ujamaa na umeme. Mwaka 1849 aliangusha vitu vizito kupitia katika waya zilizoviringwa, atazame kama umeme utatokea. Haukutokea. Mwaka 1859, alipokuwa akikaribia umri wa miaka 70, alijaribu tena kwa kupandisha na kushusha vipande vizito vya risasi katika mnara mrefu wa London. Hakuona kitu. Basi akaandika wazi ya kuwa majaribio yake hayakuonyesha lolote, ingawa matumaini yake yalikuwa hayajafa. Twaomba msomaji aishike habari hii, maana tutairudia.

Faraday hakujua hesabu za juu. Mskochi James Clerk Maxwell ndiye aliyeyaweka mafundisho yake katika hesabu, na katika mwaka 1865 akatangaza jambo la ajabu, ya kuwa nuru yenyewe ni wimbi la umeme na sumaku, liendalo kilometa 300,000 hivi kwa sekunde moja. Baadaye Mjerumani Heinrich Hertz akayatoa katika chumba chake mawimbi mengine ya jamii hiyo yasiyoonekana kwa macho. Redio zetu na simu tunazobeba mfukoni ni watoto wa kazi hiyo.

Wakati huo wengine walikuwa wakichungua vitu vyenyewe, wajue vimefanywa kwa nini. Mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua chembe ndogo yenye umeme iitwayo elektroni. Mwaka 1911 Ernest Rutherford akaonyesha ya kuwa katikati ya kila atomu mna kiini kidogo mno. Kama atomu ingekuwa kubwa sawa na uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa kama punje ya ulezi iliyowekwa katikati ya uwanja. Ndani ya kiini mna protoni, zenye umeme, na nyutroni, zisizo na umeme, ambazo James Chadwick alizigundua mwaka 1932. Na katika mwaka 1964 Wamarekani Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja peke yake, walitoa wazo ya kuwa protoni na nyutroni nazo zimefanywa kwa chembe ndogo zaidi, ziitwazo kwaki. Majaribio ya miaka iliyofuata yakawathibitishia.

Hapo tatizo jipya likatokea. Protoni zote zina umeme wa namna moja, na umeme wa namna moja husukumana. Mbona basi kiini hakipasuki? Ikajulikana ya kuwa iko nguvu ya tatu, kubwa kuliko msukumano huo, lakini haifiki mbali nje ya kiini. Tena iko nguvu ya nne, iitwayo nguvu dhaifu, ambayo huigeuza protoni kuwa nyutroni au nyutroni kuwa protoni. Ijapokuwa jina lake ni dhaifu tusiidharau, kwani bila hiyo jua lisingewaka kama liwakavyo. Basi nguvu zikawa nne, nazo ni uvutano, umeme pamoja na sumaku, nguvu kubwa ya kiini, na nguvu dhaifu.

Je, hizo nne zaweza kuwa moja? Albert Einstein alitamani sana kujua. Katika mwaka 1915 alikuwa ameufafanua uvutano kwa namna mpya, akisema ya kuwa nuru ya nyota hupinda ipitapo karibu na jua. Mwaka 1919 jua lilipopatwa, Mwingereza Arthur Eddington alipima jambo hilo katika kisiwa cha Principe, karibu na pwani ya magharibi ya Afrika yetu, na maneno ya Einstein yakaonekana kuwa kweli. Baada ya ushindi huo alitumia miaka kama 30 kutafuta jinsi ya kuunganisha uvutano na umeme. Alikufa mwaka 1955 bila kuipata.

Aliyepiga hatua mbele katika nguvu nyingine alitoka mahali ambapo wengi hawakutazamia. Abdus Salam alizaliwa mwaka 1926, akakulia katika mji wa Jhang, katika nchi ambayo sasa ni Pakistan. Yeye pamoja na Wamarekani Steven Weinberg na Sheldon Glashow walionyesha kwa hesabu ya kuwa umeme na nguvu dhaifu ni matawi mawili ya shina moja. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979, na mwaka 1983 chembe walizozitabiri zilionekana katika mtambo mkubwa wa CERN, karibu na Geneva. Salam alikuwa Mwislamu mwenye kuipenda dini yake. Hakutaka vijana wa nchi maskini walazimike kuchagua kati ya elimu na nyumbani kwao, kwa hiyo katika mwaka 1964 alianzisha kituo huko Trieste, Italia, ambapo wataalamu wa nchi hizo waweza kwenda kujifunza kisha wakarudi kwao. Mwaka 2018 tawi la kazi hiyo lilifunguliwa Kigali, Rwanda, kwa ajili ya vijana wa Afrika ya Mashariki.

Katika hesabu hizo palikuwa na chembe moja iliyokosekana. Peter Higgs na wenzake waliitabiri mwaka 1964, ili kueleza jinsi chembe nyingine zipatavyo uzito. Ili kuitafuta, mataifa mengi yalishirikiana huko CERN kujenga mtambo wa mviringo chini ya ardhi, ambao mzunguko wake ni kilometa 27. Chembe hiyo ilitangazwa kuwa imeonekana tarehe 4 Julai 1912 ikiongezwa miaka mia, yaani 2012. Higgs alikuwapo, mzee wa miaka 83, akafuta machozi. Neno alilolisema akiwa kijana lilikuwa limengoja miaka 48.

Lakini uvutano umebaki nje ya jamaa zake. Hapa ndipo yatokeapo mafundisho ya nyuzi. Mwaka 1968 Mwitalia Gabriele Veneziano alitoa hesabu iliyohusu nguvu kubwa ya kiini, na baada ya muda mfupi wengine wakatambua ya kuwa hesabu ile yaeleza nyuzi ndogo zinazotetemeka. Mwaka 1974 Mfaransa Joël Scherk na Mmarekani John Schwarz wakasema ya kuwa nyuzi hizo zaweza kuuleta uvutano pamoja na nguvu nyingine. Wachache waliwasikiliza, mpaka mwaka 1984 Schwarz na Mwingereza Michael Green walipoondoa kosa kubwa lililohofiwa katika hesabu hizo. Ndipo wengi wakaja.

Wazo lenyewe si gumu kulifahamu kwa mfano. Msomaji amepata kumwona mpiga zeze. Uzi ni ule ule, lakini akibonyeza hapa hutoka sauti hii, na akibonyeza pale hutoka sauti nyingine. Vivyo hivyo wataalamu hao husema ya kuwa elektroni na kwaki na chembe za nuru si vitu mbalimbali. Ni uzi wa asili moja unaotetemeka kwa namna mbalimbali, na mtetemeko mmoja ndio uletao uvutano. Nyuzi hizo zadhaniwa kuwa ndogo hata ukitaka kuzipanga mstari mmoja kukata upana wa atomu moja, utahitaji hesabu ya 1 yenye sifuri 25 nyuma yake. Tena hesabu zake zadai ulimwengu wenye pande nyingi kuliko hizi tatu tuzijuazo, na pande hizo nyingine ziwe zimekunjwa tusizione.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Mafundisho ya nyuzi yamekaa zaidi ya miaka 50, na hakuna jaribio hata moja lililoyathibitisha. Mtambo wa kilometa 27 hauna nguvu ya kuufikia udogo ule. Baadhi ya wataalamu husema ya kuwa akili nyingi zimepotea katika wazo lisiloweza kupimwa. Wengine hujibu ya kuwa hesabu zake zimesaidia elimu nyingine, na ya kuwa Higgs naye alingoja. Sisi hatuwezi kuwa waamuzi wao. Lakini mwalimu asimamapo mbele ya watoto yampasa kutenganisha mambo mawili, yaliyoonekana na yanayotumainiwa. Tukiyachanganya, mtoto atakapokua na kuona ya kuwa tulimpa tumaini kwa jina la hakika, hatatuamini tena hata katika yale ya hakika.

Tena twawaonya ndugu zetu wahubiri na wasikilizaji wao. Wako wapendao kuchukua wazo jipya la elimu na kulifanya ushahidi wa dini, wakisema, "Tazameni, wataalamu nao wameona ya kuwa vyote vyatoka katika kitu kimoja." Je, wazo hilo likianguka kesho, imani iliyofungwa kwalo ianguke pamoja nalo? Wako na wengine wayakataao mafundisho hayo kwa hofu, kana kwamba Muumba atapungukiwa na utukufu mtu akihesabu nyuzi zake. Wote wawili wamekosa, kwa maana imani yetu haikujengwa juu ya jaribio la CERN, wala haliibomoi.

Mtoto yule tulimjibu juma lililofuata. Tulimwambia ya kuwa kati ya elektroni na protoni mvuto wa umeme huushinda uvutano kwa kiasi cha 1 yenye sifuri 39, na ujamaa wa umeme na sumaku ndio uliomnyanyulia sindano. Jambo hilo limepimwa. Akauliza kwa nini uvutano ni mnyonge hivyo. Tukamwambia ya kuwa mpaka leo hakuna mtu aliyethibitisha sababu, tukamsimulia habari za mzee Faraday katika mnara wake, aliyetumaini kwa moyo wote, na alipokosa akaandika ya kuwa amekosa. Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akaomba tena sumaku. Tukampa.