Vilango vya Moyo na Wazee wa Bonde la Kilombero

Mzee wa Kisawasawa, chini ya milima ya Udzungwa, akishindwa kulifikia shamba lake la mpunga pasipo kupumzika mara tatu njiani, wenziwe husema ni uzee, naye mwenyewe huafiki. Hukumu hiyo ni ya kale, na yamkini imewazika wengi ambao maradhi yao yalikuwa na jina.

Moyo una vilango vinne, ambavyo madaktari huviita valvu, vya kuipitisha damu na kuizuia isirudi. Yako mambo mawili hasa yaviharibuyo. La kwanza ni homa ya baridi yabisi, ifuatayo maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Kovu lake huweza kujificha miaka mingi. La pili ni chokaa, ijengekayo polepole katika kilango cha mshipa mkuu wa damu hata kikakakamaa. Hapo mtu huishiwa pumzi, hubanwa kifua, au huanguka akazimia. Wala hapana kidonge kiwezacho kukilegeza.

Sayansi iliposhuka bondeni haikuja kwa ajili ya moyo. Rudolf Geigy wa Basel, aliyeanzisha maabara Ifakara katika miaka ya 1950, alichunguza papasi na mbung'o. Wala hakukosea, kwani homa ndizo zilizokuwa zikiua. Kuanzia 1997 vyandarua vyenye dawa vilienezwa Kilombero, na vifo vya watoto wadogo vikapungua. Lakini waokokao na homa ndio waufikiao umri wa chokaa.

Kwingineko mambo yalikuwa yamekwenda mbali. Mwaka 1960, nchini Marekani, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walifaulu kumtilia mgonjwa kilango cha bandia: kitufe ndani ya kizimba. Muhimbili ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kutoka Ifakara hadi huko ni zaidi ya kilomita 400. Hata hivyo mvumo wa kilango kibovu husikika kwa chombo kilichobuniwa na Laennec mwaka 1816, nacho kinaweza kuwekwa katika zahanati yoyote. Kinachotakiwa ni sikio lililofunzwa.

Kilango cha madini humlazimisha mgonjwa kumeza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu kupimwa mara kwa mara: masharti mazito kwa mkaaji wa shamba. Kilango kitokanacho na ng'ombe au nguruwe kwa kawaida hakidai hayo, ila huchakaa baada ya miaka kumi au kumi na mitano. Kwa kijana huo ni upungufu mkubwa. Kwa mzee wa miaka sabini huenda ukawa si upungufu.