Gumegume la Pennsylvania na Mafundi Waliolifufua
Mafundi wa Marekani ambao leo hutengeneza kwa mikono bunduki ndefu za gumegume, pembe za baruti na mikoba ya ngozi ya wawindaji wa karne ya 18 hupata wateja kwa nguvu ya hadithi moja. Ni hadithi ya mwindaji mpweke, mtu wa namna ya Daniel Boone, aliyezama msituni na kujitosheleza kwa kila kitu. Hadithi hiyo ndiyo inayouza kazi zao, na hapo pana kichekesho, kwa sababu kazi zenyewe ndizo zinazoibomoa. Maarifa waliyolazimika kuyafufua mafundi hawa si ya msituni. Yalikuwa ya karakana za mjini, ya biashara iliyovuka Atlantiki, na ya watu ambao hadithi haikujali kuwataja.

Tuanze na bunduki. Wahunzi wa Kijerumani waliohamia Pennsylvania walikuja na ujuzi wa bunduki ya kuwindia ya kwao, fupi na yenye tundu pana, ujuzi uliowafikia mafundi kama Jacob Dickert wa Lancaster. Katika mazingira mapya mtutu ulirefushwa hata ukapita mita moja, na tundu likapunguzwa, kwa kuwa mwindaji aliyekaa porini miezi kadhaa alihitaji kubana matumizi ya risasi na baruti. Mtutu ulitokana na bapa la chuma lililopashwa moto, likakunjwa kuzunguka nondo na kufuliwa mpaka kingo zikashikana. Kisha ulipekechwa, mara nyingine kwa mashine zilizoendeshwa na maji ya mto. Kitako kilichongwa kwa mti wa mepli wenye mawimbi, kikapambwa kwa shaba na nakshi zilizofuata mitindo ya Ulaya ya wakati huo. Sehemu yenye jiwe la gumegume, ile inayotoa cheche, kwa kawaida haikufuliwa hapo hata kidogo: iliagizwa Uingereza au Ujerumani. Kwa hiyo silaha iliyokuja kuwa alama ya mtu asiyemtegemea yeyote ilikuwa bidhaa ya masoko ya ng'ambo, ya mhunzi, ya msaga chuma na, bila shaka, ya mwenye duka aliyeikopesha.

Ujuzi huo ulikaribia kupotea. Fataki zilipochukua nafasi ya gumegume na viwanda vya karne ya 19 vikaanza kutoa mitutu kwa bei nafuu, walibaki wahunzi wachache tu katika milima ya Appalachia. Kitabu cha John Dillin cha 1924 kuhusu bunduki hizo kiliamsha upya hamu ya wakusanyaji, na mwaka 1933 kikaundwa chama cha kitaifa cha wapigaji wa bunduki za kushindilia, ambacho mashindano yake hufanyika Friendship, Indiana. Mabadiliko makubwa, hata hivyo, yalitokea Williamsburg, Virginia, ambako mhunzi wa bunduki Wallace Gusler alitengeneza bunduki nzima kwa zana za karne ya 18, kuanzia kufua mtutu; filamu ya 1969 inamwonyesha akiifanya kazi hiyo. Mtu anaweza kupinga kwamba wahunzi wa kale hawakuacha miongozo iliyoandikwa, hivyo ufufuzi wowote ni kubahatisha. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba chuma na mti hutunza kumbukumbu. Alama za tupa na patasi upande wa ndani, mahali ambapo mnunuzi hakutarajiwa kutazama, zinaonyesha kazi ilianzia wapi na fundi aliharakisha wapi. Mifereji ya ndani ya mtutu hukatwa kwa kisu kidogo kinachovutwa kwa mkono kikiongozwa na gogo lenye michirizi ya kuzunguka, na fundi huongeza kipande cha karatasi chini ya kisu kila anapotaka kuzidisha kina. Anayejaribu njia isiyo sahihi huharibu mtutu, na huo ni ushahidi pia.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: wengi wa mafundi wa leo hununua mitutu na sehemu za gumegume zikiwa tayari, basi kazi yao ina uhalisi gani? Nadhani shtaka hilo limegeuzwa kichwa chini. Anayenunua sehemu na kuziunganisha kwa ustadi yuko karibu zaidi na desturi ya Lancaster kuliko yule anayefua kila kitu peke yake. Fundi anayejifanyia yote, ambaye wateja humsifu kuliko wengine, ni mtu wa karne ya 20. Gusler alithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Hakuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa desturi.

Pembe za baruti zinaonyesha vizuri zaidi jinsi hadithi ilivyowaacha watu nje. Miongoni mwa wachongaji wanaoenziwa sana ni John Bush, mtu mweusi huru wa Massachusetts, aliyechonga pembe za askari wenzake huko Lake George katika vita vya Waingereza na Wafaransa vya 1754–1763. Alitekwa Fort William Henry ilipoanguka mwaka 1757, akafa akiwa mfungwa. Herufi zake zenye mikia ya madaha huigwa hadi leo. Viatu vya ngozi laini vya wawindaji vilikuwa vya Wenyeji wa Amerika, na Wenyeji hao walikuwa pia wateja wa mafundi wa bunduki. Wapo wanaosema kuvitukuza vifaa hivi ni kuutukuza uporaji wa ardhi yao. Hatari hiyo ipo pale kifaa kinapouzwa pamoja na ngano ya msitu usio na wenyewe. Msitu huo ulikuwa na wenyewe: mnamo Desemba 1769 Washawnee, mojawapo ya jamii za Wenyeji hao, walimkamata Boone huko Kentucky wakamnyang'anya ngozi zake, kwa sababu alikuwa akiwinda katika nchi yao.

Penye udhaifu ni kwenye mikoba. Ngozi huoza, na mikoba halisi ya karne ya 18 iliyobaki ni michache mno, kiasi kwamba mingi inayoshonwa leo huegemea mifano ya baadaye au ubunifu mtupu. Tena mafundi wengi huizeesha kwa makusudi, kwa madoa na mikwaruzo, na bunduki vivyo hivyo, ilhali aliyenunua bunduki kwa Dickert alikabidhiwa kitu kipya chenye shaba inayong'aa. Desturi hiyo siipendi. Bila sahihi ya fundi, kazi ya mwaka jana inaweza kupita mikono miwili mitatu na kuuzwa kama ya kale, na hapo ushahidi wote wa alama za tupa unavurugika.